Naipingo Iulizwe Kabla ya Kamba Kuvutwa

Kuna ugonjwa katika uongozi wa nchi hii ambao hauna budi kutajwa kwa jina lake. Ugonjwa wenyewe ni kuwaita wananchi mkutanoni ili waulizwe jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. Mtaalamu hufika na ramani iliyokwisha kuchorwa, mtendaji husoma ajenda iliyokwisha kupigwa chapa, daftari la mahudhurio huzungushwa chini ya mwembe, wakulima hutia saini au dole gumba, na siku ya pili daftari hilo hilo huitwa ridhaa ya wananchi. Kuhudhuria kumegeuzwa kuwa kukubali. Mtu aliyekwenda mkutanoni kusikiliza hujikuta ameandikwa kuwa amekwenda kuidhinisha. Zamani jambo hili liliitwa umangimeza, na hakuna sababu ya kulitafutia jina la adabu leo.

Ugonjwa huu huumiza po pote, lakini huumiza zaidi pale kinachoamuliwa kinapokuwa nyumba ya mtu na majirani zake. Shamba likikosewa msimu huu, msimu ujao laweza kurekebishwa. Kitongoji kikivunjwa hakiungiki. Watu watapewa viwanja kwingine, wataezeka bati, watapanda miti mipya. Lakini yule mama aliyekuwa akimwachia jirani mtoto aende kisimani atakuwa upande mmoja wa wilaya na jirani yake upande wa pili, na hakuna halmashauri iliyowahi kuwaandikia hati ya kuwarudisha pamoja.

Kwa hiyo kata kama Naipingo, katika wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, inastahili kuzungumziwa, ijapokuwa haina ghorofa wala jumba la mawe lenye mlango wa nakshi. Wako wanaodhani kwamba hifadhi ya makazi ni shughuli ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo na Kilwa Kisiwani, na kwamba penye fito, udongo na nyasi hapana cha kuhifadhi wala mtu wa kuulizwa. Fikra hiyo ndiyo inayostahili kupigwa vita, kwa maana ndiyo mama wa makosa yote yanayofuata.

Wilaya ya Nachingwea inajua vizuri maana ya kuamuliwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilimtuma Wakefield na wenzake kuja kutazama ardhi ya kulima karanga. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya uchunguzi wao wakiufanya kutoka katika ndege, wakarudi London wakiwa na hakika kubwa. Mwaka 1947 Mpango wa Karanga ukaanza Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mwanzoni mwa 1951 mpango wote ulifutwa, na pauni milioni 36 za Waingereza zilikuwa zimekwisha kwenda na maji. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Hadi leo ipo kata mjini Nachingwea iitwayo Stesheni, na garimoshi halijafika hapo kwa zaidi ya miaka 60. Ni jina zuri la kuwakumbusha wapangaji kazi ya mikono yao.

Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo waliokuwa wakilima ardhi hiyo walijua mvua yake inaanza lini na inadanganya lini. Walijua udongo upi hugeuka jiwe wakati wa kiangazi. Hekima hiyo haikuhitaji ndege. Ilihitaji mtu aketi barazani, anyamaze, asikilize.

Yawezekana kusemwa kwamba mkoloni alikuwa mkoloni, na hakuna aliyetarajia aketi barazani na mkulima. Sawa. Lakini nchi ilipojitawala ilijiwekea maneno mengine kabisa. Andiko la Ujamaa Vijijini la Septemba 1967 lilieleza wazi kwamba watu waingie katika vijiji kwa hiari na kwa kushawishiwa. Mwaka uliofuata, katika Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza mwenyewe kwa kushiriki katika kuamua. Na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwenda mbali zaidi, ukawakataza viongozi na wataalamu kuwanyang'anya wananchi haki ya kufikiri na kupanga mambo yao, hata kama wataalamu hao wanajua zaidi. Mafundisho yalikuwa kamili. Ilibaki kuyafuata.

Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ukomo wake ni mwisho wa mwaka 1976. Kutoka hiari hadi amri zilipita baharini na barabarani siku chache kuliko zile ambazo kijiji hutumia kujadili mahali pa kuchimba kisima. Katika mikoa ya kusini kazi ilikwisha kuanza mapema kuliko kwingi, kwa kuwa vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea ng'ambo ya Mto Ruvuma na mabomu ya Wareno hayakuheshimu mpaka. Sababu hiyo ya ulinzi ilikuwa ya kweli. Hali kadhalika faida nyingine zilikuwa za kweli: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kufikishwa kwenye kila nyumba iliyojificha peke yake porini. Anayezikana faida hizo anawakosea watoto waliosoma kwa sababu yake. Hoja hapa si kwamba vijiji vilikuwa dhambi. Hoja ni namna kamba ilivyovutwa.

Kamba ilivutwa kwa mstari mnyoofu, mara nyingi kando ya barabara, ili gari la bwana mkubwa lipate kuviona vijiji bila kukata kona. Watu waliambiwa: wewe hapa, na wewe pale. Ukoo uliokuwa ukikaa kuzunguka uwanja mmoja ulipangwa kwa safu kama askari. Kata za Nachingwea, Naipingo ikiwa mojawapo, zina sura iliyotokana na kazi hiyo, na wazee wa huko hawahitaji kusomewa historia yake. Nyuma yao yalibaki mahame: miembe, makaburi, uwanja wa jando, na mikorosho.

Mikorosho ndiyo iliyotoa ushahidi ambao hakuna mtendaji awezaye kuubishia, maana ushahidi wake uko katika tani. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000. Katika msimu wa 1986/87 ilivuna kiasi cha tani 16,500 tu. Haki inadai isemwe kwamba sababu hazikuwa moja. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga uliishambulia mikorosho kwa ukali. Lakini wachunguzi wa zao hilo wote wanataja pia umbali. Mkulima aliyehamishwa mbali na mikorosho yake hakuweza kuipalilia, nyasi zikaota, moto wa kiangazi ukapita. Mkorosho si mhogo. Haubebwi kichwani ukapandwa mahali pengine msimu ule ule. Kama angalau mtu mmoja mwenye madaraka angaliuliza swali jepesi, yaani mikorosho yenu iko wapi, basi huenda vijiji vingi vingalisogezwa maili mbili tatu na uchumi wa kusini ungalipona nusu ya pigo lile. Swali hilo lisingaligharimu hata senti moja.

Mambo hayo yamepita, atasema mpenda usahaulifu. Hayajapita. Yapo barabarani, yamechorwa ukutani kwa rangi.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyomo ndani ya eneo hilo huwekewa alama ya X. Iliyo katika nyongeza ya mita hizo mpya huwekewa alama ya kijani, nayo hulipwa fidia. Iliyo ndani ya mita za zamani huwekewa alama nyekundu, na mwenyewe huambiwa ajibomolee kwa gharama zake, kwa kuwa ni mvamizi. Barabara za kuziunganisha Masasi, Nachingwea na Ruangwa zimekuwa katika mipango ya lami kwa miaka mingi, na hakuna mwananchi wa Lindi asiyeitaka lami. Ufuta na korosho zinapooza njiani wakati wa masika, hasara ni ya mkulima. Lakini na aulizwe kila mwenye akili timamu: mtu ambaye baba yake alihamishwa porini kwa lori la Serikali, akaonyeshwa kiwanja kando ya barabara na ofisa wa Serikali, kwa kamba ya Serikali, mtu huyo amemvamia nani?

Watetezi wa rangi nyekundu hujibu kwamba mita zile zilikuwa mali ya barabara tangu enzi za ukoloni. Jibu hilo linazidi kumtia hatiani yule anayelitoa. Ikiwa sheria ilikuwako, basi aliyevuta kamba ndiye aliyeivunja, na wala hakuwa mkulima. Haiwezekani Serikali ile ile iwe imempanga mtu mahali mwaka 1974 kwa amri, kisha imfukuze mahali hapo hapo kwa kosa la kukaa alipopangwa. Bunge lenyewe lilikwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kutokana na Operesheni Vijiji kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Ugawaji ule, kwa maneno mengine, ni halali. Na miaka mitano kabla ya sheria hiyo, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani katika shauri la Akonaay ilikwisha kutamka kwamba haki ya mwananchi katika ardhi aliyoipata kwa mila ni mali yake inayolindwa na Katiba. Wilaya haziwezi kuzisoma sheria kama mtu alaye samaki, kuchukua mnofu na kumtemea mwananchi miiba.

Turudi kwenye nyumba yenyewe, maana hapo ndipo dharau hujificha.

Dharau hiyo husema hivi: nyumba ya kijijini ni miti, fito na udongo, mvua tatu kubwa zikipiga inainama, nani atapoteza muda kuihifadhi? Husemwa na watu wanaokaa katika nyumba za matofali zenye feni, ambao wakienda kwenye semina husifu ubunifu wa kiasili na ubaridi wa ukuta wa udongo, kisha wakirudi wilayani huandika katika taarifa zao kwamba makazi ni duni na wananchi wahamasishwe. Ukweli ni kwamba hakuna mtu wa Naipingo aombaye paa lake livuje. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, bati hununuliwa kabla ya baiskeli. Wananchi wenyewe wanazibadili nyumba zao, ukuta kwa ukuta, kadiri mavuno yanavyoruhusu. Wanachoma matofali, wanapanua vyumba, wanamjengea kijana banda lake mbele ya ua. Hayo ndiyo maendeleo, nayo yanafanywa na mwenye nyumba. Kuhifadhi makazi ya watu hakumaanishi kuligandisha nyasi juu ya paa ili mgeni apige picha. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba ndiye awe na neno la kwanza juu ya nini kibaki, nini kibadilike na nini kiende.

Tena nyumba ya namna hiyo haikujengwa na mtu mmoja. Miti ilikatwa na shemeji, udongo ulikandwa na wanawake wa kitongoji walioyabeba maji, kuezeka kulifanywa kwa ujima na chakula kikapikwa. Kila ukuta una deni ndani yake, na deni hilo hulipwa kwa kukandika ukuta wa mwenzako mwaka ujao. Mthamini akija na fomu yake hupima urefu na upana, huhesabu miti, huandika aina ya paa, kisha hupunguza uchakavu. Nyumba ya udongo iliyokaa miaka 20, baada ya kupunguzwa uchakavu, hubaki na thamani ambayo haitoshi kuanzisha msingi wa nyumba nyingine. Ataongezewa posho ya usumbufu, ya usafiri na ya pango la miezi 36, kama kanuni zinavyotaka. Lakini hakuna safu katika fomu hiyo iliyoandikwa jirani. Hakuna safu ya umbali wa kwenda kisimani, ya msikiti ambao mzee aweza kuufikia kwa fimbo yake, ya mahali ambapo wanawake huketi kubangua korosho na kuamua mambo ambayo baadaye wanaume hudai wameyaamua wao. Kwa kuwa safu hizo hazimo, njia pekee ya kuvijua vitu hivyo ni kuuliza, na kuuliza mapema, na kumwuliza kila mtu wala si mwenyekiti peke yake.

Kwamba jambo hili lawezekana si ndoto. Zanzibar imelifanya, tena mahali ambapo lilikwisha kukosewa vibaya. Baada ya Mapinduzi ya 1964, sehemu kubwa ya nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo zilibomolewa ili kupisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyochorwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa njema: kumpa mnyonge nyumba yenye maji na umeme, na wako walioipokea kwa furaha. Lakini mitaa ilikatwa katikati. Ilikuwa mpaka muongo wa 2010 ndipo idara ya mipango miji ya Zanzibar, katika mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ilipowageukia wakazi wenyewe na kuwauliza: mahali gani hapa mnapathamini? Wakazi hawakutaja majumba ya wafalme. Walitaja baraza, masoko, viwanja vya mpira, sinema za zamani, mahali pa kunywea kahawa. Majibu yao yaliwekwa kwenye ramani, na mwaka 2019 yakatoka katika kitabu kikubwa cha ramani za Ng'ambo. Mitaa ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kibanda cha nyuma cha Mji Mkongwe ikapata kuandikwa kama mji wenye haki zake. Jambo la kusikitisha ni kwamba swali lilikuja nusu karne baada ya tingatinga.

Na Dar es Salaam wapo wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, walioondolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010 nyumba zao zikavunjwa. Wengine wangalitawanyika na kusahauliwa. Hao hawakuacha kudai kama kundi moja lenye orodha moja. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza nyumba mpya zijengwe pale pale na wao warudishwe, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua. Kaya zile zilirudi kwenye ardhi yao ya Magomeni. Hesabu ya miaka yote waliyopanga vyumba vya watu, wazee waliofariki wakisubiri, na watoto waliohama shule, hiyo hakuna aliyeizindua.

Sasa basi, ikiwa watu wa Magomeni, walio umbali wa dakika chache kutoka ofisi za wizara na vyumba vya magazeti, walihitaji muongo mzima, mkulima wa Naipingo atahitaji miongo mingapi? Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1995, imegunduliwa kuwa na madini ya kinywe kwa wingi, na kampuni za kigeni zimekwisha kufika. Katika Nachingwea yenyewe ipo nikeli ya kilima cha Ntaka. Lami inasogea, nguzo za umeme zinasogea, upimaji wa vijiji na mipango ya matumizi ya ardhi inasogea. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kuwa neema. Na kila kimoja kinakuja na kamba yake.

Sheria hazikosekani. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, hauwi mpango mpaka mkutano huo uupitishe. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haiwezi kuhamishwa kwa ajili ya manufaa ya umma bila mkutano huo kukubali. Ikizidi hapo, Waziri huamua, lakini lazima ayazingatie mapendekezo ya kijiji, na hakuna ardhi inayohama kabla fidia haijakubaliwa: aina yake, kiasi chake na siku ya kulipwa. Sheria ya Madini ya 2010 nayo inamdai mwenye leseni mpango wa fidia na makazi mapya. Msomaji atakubali kwamba haya ni maneno mazito. Ni wangapi kati ya wanaotiwa saini katika daftari la mahudhurio waliowahi kusomewa? Mtendaji anayejua kifungu cha hekta 250 na asikitamke mkutanoni anatenda kosa lile lile la anayepunja mizani ya korosho ghalani.

Kuuliza kwa haki kuna namna yake, na namna hiyo si siri. Kwanza huanzia kwenye kitongoji, wala si makao makuu ya kata, maana bibi kizee hatembei maili nne kwenda kusema kwamba kaburi la mwanawe liko pale panapotakiwa kituo cha mabasi. Huulizwa wakati ambao watu wapo. Anayeitisha mkutano Novemba, wakati wa kuokota korosho, halafu akaandika kwamba wananchi hawakuwa na maoni, amejua alichokifanya. Wanawake huulizwa mahali ambapo wanaweza kujibu bila kutazamwa na mkwe. Wapangaji na vijana wasio na hati huulizwa pia, kwa kuwa nao wana majirani. Ramani huletwa ikiwa tupu, wenyeji waijaze: mwembe wa mkutano, visima, njia za miguu, makaburi, uwanja wa jando, nyumba ya mjane anayelishwa na majirani. Mtaalamu akishaona hayo ndipo anyooshe kalamu yake. Utaalamu wake haupungui. Unapata mahali pa kusimama.

Wapo watakaonung'unika kwamba njia hii inachelewesha maendeleo, kwamba mwekezaji hatasubiri, kwamba fedha za mradi zitarudi Hazina mwaka wa fedha ukiisha. Hoja ya mwaka wa fedha ndiyo kipenzi cha umangimeza. Wakefield naye alikuwa na haraka. Waliofunga safari na matingatinga mwaka 1947 walikuwa na haraka. Operesheni ilikuwa na haraka, na mikorosho ikalipa kwa zaidi ya miaka kumi. Ni ajabu kwamba katika wilaya yenye vielelezo vyote hivyo bado mtu anaweza kusimama mbele ya watu wazima na kuwaambia kwamba hakuna muda wa kuwasikiliza.

Wengine watasema wananchi hawaelewi, na wakiulizwa watasema hapana kwa kila kitu. Hilo ni tusi, tena si la kweli. Mkulima ndiye aliyejitolea nguvu na mali kuzijenga shule za kata. Ndiye anayechanga mawe ya zahanati. Husema hapana pale anapoona anadanganywa, na husema ndiyo pale anapoonyeshwa hesabu. Lakini hata akisema hapana bila kutoa sababu, hapana hiyo ni sehemu ya jibu, na aliyeuliza kwa moyo safi alikuwa tayari kuisikia. Asiyekuwa tayari hakuuliza; alitangaza.

Kwa hiyo mkutano utakaofuata wa vijiji vya Naipingo unaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti. Muhtasari uwe na sehemu mbili: walioafiki na waliokataa, kwa idadi, pamoja na sababu zao katika maneno yao wenyewe. Daftari la mahudhurio libaki daftari la mahudhurio, lifungwe kabla mjadala haujaanza, lisiambatishwe kwenye barua ye yote ya kuomba kibali. Muhtasari usomwe kwa sauti mbele ya mkutano kabla ya kutiwa saini, na nakala ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji mahali penye kivuli, ambapo watu husimama kusoma. Atakayekuta hapana yake imeandikwa ndiyo awe na wiki mbili za kuja kuirekebisha, na katika wiki hizo mbili kamba ya kupimia ikae katika gari.